Kanzu ya Idi ya Mume Wangu

Mvua ya masika ilininyima kwenda Darajani kununua kitambaa, na Idi ilikuwa kesho yake. Nami nshajigamba kwa mashoga zangu kwamba mwaka huu kanzu ya mume wangu nnaishona mwenyewe.

Nikapekua sanduku la mama, tunayeishi naye hapa Kikwajuni. Chini kabisa nikakuta bafta nyeupe, imekunjwa vizuri, inanukia udi. Mama alikuwa amelala. Nikajiambia, hawezi kuninyima mimi mwanawe. Nikakata, nikakaa kwenye cherehani, tena nikausifu mshono wangu. Mjinga mimi! Sikujiuliza bibi wa umri ule bafta anamwekea nani.

Asubuhi mume wangu, kanzu mpya mwilini, aliingia chumbani kwa mama kumpa mkono wa Idi, nami nyuma yake.

"Shikamoo, mama. Idi mubarak."

"Marahaba, baba."

Mama hakumwachia. Aliivuta ile kanzu karibu, akaipapasa, akainusa, kisha akanigeukia mimi, machozi yanamlengalenga.

"Mwanangu, bafta hii niliitosa maji ya zamzam kwa mikono yangu, kule Makka. Sanda yangu ndiyo umemvisha mumeo?"