Waliofariki Kabla ya Jina

Mwaka ule daftari la vifo la kata yetu ya Ujiji halikuwa na mtoto mchanga hata mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa nikilijaza, na nilidhani ni habari njema. Mkuu wangu wa takwimu aligeuza kurasa zake mara mbili. "Dada, mji wote huu, mwaka mzima? Hebu rudi ukaulize."

Nilikwenda kwa bibi anayeosha maiti za wanawake na watoto, mitaa miwili kutoka nyumbani kwetu. Nilimkuta uani akianika dagaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nataka kujua watoto wachanga uliowaosha mwaka huu."

Alinawa mikono, akaketi mkekani, akaanza. Hakuwa na karatasi. Alikwenda nyumba kwa nyumba: mtoto wa fundi cherehani, aliishi siku mbili; mapacha wa mwanamke aliyeteremka kutoka Kalinzi, kule milimani, kuja kujifungulia kwa dada yake, mmoja kafa asubuhi, wa pili adhuhuri. "Huyu wa pili alilia mara moja tu. Nilimuuliza mkunga, alilia? Maana asiyelia haswaliwi. Akasema alilia. Basi tukamwosha, akaswaliwa." Nilijaza ukurasa, nikageuza, yeye bado anaendelea, sauti ile ile, bila kukosea mlango.

"Mbona hawakuja kuandikisha?"

"Waandikishe nini? Siku ya saba haijafika, mtoto hana jina. Na fomu yenu inaanza na jina."

Kweli, mstari wa kwanza ulikuwa jina.

Nilipokuwa nafunga daftari akasema, "Wewe dada yako ulishamwandika?"

"Dada gani, bibi? Mimi ndiye wa kwanza."

"Wewe ni wa pili. Wa kwanza aliishi siku nne. Nywele nyingi, mpaka shingoni. Nilimwosha kwa mikono hii."

Sikumbuki nilivyoaga. Nyumbani mama alikuwa anachambua maharage. Sikujua nianzie wapi, nikamuuliza kwa maneno ya dodoso, kama mgeni: "Mama, umezaa watoto wangapi, walio hai na waliofariki?"

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Sita," akasema.

Maisha yangu yote tulikuwa watano.

"Karani wa sensa akija, humuuliza baba yako," akasema. "Naye huhesabu anaowaona." Kisha akainua mikono, akaiachanisha kidogo, akanionyesha urefu wa yule wa kwanza. Aliutazama ule upenyo kwa muda mrefu, nami niliutazama naye.

Wiki iliyofuata nilipita nyumba zote alizonitajia bibi. Kila mlango niliobisha, mtoto alikuwepo kweli. Mahali pa jina nikaandika "mtoto wa" na jina la mama. Ofisini waliipokea orodha hiyo. Dada yangu hakuingia, maana fomu ilihusu mwaka ule tu.

Kabla sijaipeleka orodha, mama aliniomba nimsomee. Nilisoma yote, polepole, kuanzia mtoto wa fundi cherehani. Kila nilipotua alisema, "Innalillahi," akangoja anayefuata.