Nilivyofanya Raundi Kwenye Kitanda cha Mama Mkwe

Najua wengi wenu mlishaisikia hii, maana mji wetu wa Maganzo haufichi kitu, ila waliowasimulia waliongeza chumvi, wengine wanasema eti nilikamatwa na kisu, na kisu sikuwa nacho, kwa hiyo acheni niisimulie mwenyewe aibu yangu, kama ni kutembea basi itembee ikiwa na nguo zake.

Mimi ni muuza nyama, bucha langu liko barabarani pale, na ndani ya bucha, juu ya mizani, kuna runinga (mke wangu, Mama Kulwa, anaiita mke mkubwa). Kila siku saa saba mchana inaonyeshwa tamthilia ya madaktari, ya nchi za nje huko, wanaigiza ndani ya hospitali ya kufundishia, na juu ya sauti zao yupo mtafsiri wetu anawasemea wote kwa Kiswahili, daktari yeye, mgonjwa yeye, mpaka kichanga kinacholia ni yeye. Naipenda ile tamthilia kuliko mpira. Kuna profesa wao mmoja mzee, akiingia wodini wanafunzi wanajipanga nyuma yake kama ng'ombe wanaokwenda lamboni kunywa maji, anauliza swali wanatetemeka, halafu kabla hajamgusa mgonjwa lazima asugue viganja kwanza vipate joto. Hilo lilikuwa linanigusa sana, mtu mkubwa vile anajali tumbo la mgonjwa lisishtuke kwa baridi. Na mimi ndiye niliyekuwa nawaelezea wateja waliokosa sehemu ya jana, huku nakata nyama nataja majina ya magonjwa, mpaka wakaanza kuniita Dokta. Nawaambia ukweli, nilikuwa naitika.

Sasa mama mkwe wangu akaumwa. Tumbo lilivimba upande mmoja, tukampeleka hospitali moja kubwa ambayo jina lake naliacha, nayo ni ya kufundishia vile vile, wakapima wakasema kuna uvimbe ndani, utolewe wiki hii hii, ukiachwa hatutakuwa naye. Mama akakataa. Akasema hajawahi kukatwa na hatakatwa, atazikwa na tumbo lake zima. Mama Kulwa alimbembeleza siku tatu, shemeji yangu aliyeko machimboni Geita akabembeleza kwa simu, akaletwa mpaka mchungaji, na siku ya nne asubuhi ndipo mama akakubali kutia dole gumba kwenye karatasi, apasuliwe kesho yake. Mke wangu alinipigia akilia kwa furaha.

Mimi katika hayo yote sikuwa nimeingia wodini hata mara moja. Kwetu Wasukuma mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye, humpi mkono, humkodolei macho, akipita njia hii wewe unapita ile, na salamu unaitoa kwa mbali umechuchumaa. Kazi yangu ilikuwa kuleta uji mpaka getini, Mama Kulwa anatoka kuuchukua, basi.

Siku hiyo ya dole gumba nikafika na pikipiki yangu, chupa ya uji mkononi, napiga simu, inaita tu haipokelewi (baadaye nikajua mwenzangu alikuwa maabara anahangaikia damu ya mama yake). Mlinzi akaniambia, "Muda wa kuona wagonjwa umeisha, mzee. Rudi saa kumi." Nikamweleza kwamba mgonjwa ni wa kupasuliwa kesho, nesi amesema ale mapema, uji unapoa. Akaniambia tena saa kumi, safari hii bila kuniangalia.

Sasa sikilizeni. Wiki hiyo bwana afya alikuwa amenifokea kuhusu koti langu la bucha, kwamba linatisha wateja, nikashonesha jipya, na nilikuwa nimelichukua kwa fundi asubuhi ile ile, jeupe pee, halijawahi kuona hata tone la damu, liko kwenye mfuko umening'inia kwenye usukani. Nikalitazama. Nikazunguka nyuma ya mti, nikalivaa, nikafunga vifungo vyote, nikachomeka kalamu mfukoni, nikarudi geti lile lile kwa mlinzi yule yule nikitembea kama profesa.

"Shikamoo, dokta," akasema, na amesimama.

"Marahaba. Kazi njema."

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi ya kujisifu, maana nia yangu ilikuwa kumkabidhi nesi chupa pale mlangoni na kutoka. Lakini nafika mezani kwa manesi tu, naona kundi la makoti meupe linakuja, mbele yao daktari bingwa, mama mmoja mfupi miwani imemshuka puani, na wanafunzi kama wanane nyuma yake (wapya, walianza juzi yake, ndiyo maana hakuwa amewazoea sura). Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye chupa.

"Unachelewa, halafu umebeba chai? Weka hapo, ingia kwenye mstari."

Ningesema, jamani. Neno moja tu, "Mimi siye." Badala yake nikaweka chupa, nikaingia kwenye mstari, na ninyi mnaonijua mnajua kwamba nilikuwa nimefurahi. Wodi ilikuwa kama ile ya kwenye runinga, vitanda, mafaili, madirisha marefu, na mimi niko ndani ya tamthilia siyo nje nikiwa na shoka la kukatia mifupa.

Kitanda cha kwanza yule bingwa akauliza, "Kabla hujapapasa tumbo la mgonjwa, unafanya nini?" Mmoja akasema unasoma faili, akaambiwa hapana. Mwingine akasema unamsalimia, akaambiwa hilo ulishalifanya ulipofika. Waliobaki wanaangalia viatu. Nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema, "Unasugua viganja vipate joto."

Bingwa akageuka. "Nani kasema?" Nikanyoosha mkono. "Sahihi. Afadhali yuko mmoja anayefikiri."

Kuanzia hapo hata ungenifukuza kwa mbwa nisingetoka. Kitanda cha pili nikawa natingisha kichwa kila bingwa akisema jambo, mwanafunzi mmoja akaninong'oneza nimweleze maana yake, nikamwambia asome. (Nasema haya yote kwa sababu nimeamua kusema yote.)

Kitanda cha tatu kilizungushiwa pazia. Tukaingia. Mgonjwa amelala chali, shuka limekunjwa mpaka kiunoni, gauni limepandishwa, tumbo liko wazi, na mimi kwa nyuma nilikuwa naona tumbo tu na mkono wenye bangili ya shaba. Ile bangili nikaitambua. Nikaangalia juu kwenye dari, nikaanza kurudi nyuma kinyumenyume, nimebakiza hatua moja nitoke.

"Wewe wa mikono ya joto," bingwa akasema, "njoo upapase uwaonyeshe wenzako."

Wanafunzi wakanipisha. Nikabaki nimejifunika uso kwa viganja vyote viwili, na nadhani walidhani ndiyo naanza kuvipasha joto. Nikasikia shuka linavutwa kwa nguvu mpaka shingoni, halafu sauti ya mama mkwe, ya chini kabisa.

"Huyu mmemtoa wapi? Huyu ni Baba Kulwa, mkwe wangu. Ana bucha Maganzo."

Nikasikia viatu vya bingwa vinanigeukia.

"Ng'ombe wa pale wote anachinja yeye," akaendelea, na nikasikia sauti inabadilika, hesabu inaingia kichwani mwake. "Kumbe hawa mnaosema watanipasua ndio hawa wachinjaji. Leteni ile karatasi yangu niliyotia dole. Ileteni sasa hivi."

Nilichuchumaa pale pale nilipokuwa, nimewapa mgongo wote, nikasema, "Shikamoo, mama," ndiyo kitu pekee nilichokuwa nakijua kusema. Hapo hapo Mama Kulwa akaingia kutoka maabara, akaniona mumewe nimechuchumaa na koti la bucha kati ya madaktari, mama yake amejifunika anadai karatasi, akaelewa yote kabla ya kuambiwa.

"Baba Kulwa," akasema taratibu, "siku tatu. Nimempigia mama magoti siku tatu."

Angenitukana ningeshukuru.

Bingwa akanishika kiwiko akanitoa mpaka koridoni. Nikamweleza, uji, mlinzi, bwana afya, kila kitu, nikisubiri aite polisi. Akavua miwani akaifuta.

"Na hilo la kupasha viganja?"

"Kwenye tamthilia, daktari. Ya saa saba."

Alicheka kwa pua, mara moja tu. "Wanafunzi wangu hawa nitawanunulia runinga. Sasa vua koti, unitokee hapa, umeniharibia kazi kubwa."

Nikavua. Lakini pale koridoni palikuwa na dirisha lililo wazi, na kwa upenyo wa pazia nilimwona anarudi, anawatoa wanafunzi wote, anavuta stuli ya mbao, anakaa. Akasugua viganja, akaushika mkono wa mama wenye bangili, akaanza kuongea Kisukuma, Kisukuma cha nyumbani kabisa, taratibu, akimwonyesha juu ya tumbo lake mwenyewe wapi atakata na wapi atashona. Profesa wangu wa kwenye runinga simkosei heshima, nampenda mpaka leo, ila sijawahi kumwona amekaa na mgonjwa muda ule. Alikaa mpaka mama akacheka kidogo. Hapo nilitokwa na machozi, semeni mnavyotaka.

Jibu la mama likaletwa na Mama Kulwa: karatasi ibaki, atapasuliwa, ila kwa sharti moja. Kesho wakati yuko ndani, mimi niwe nje ya geti, na mlinzi anilinde nisinyanyuke mpaka yeye mama atoke.

Mlinzi akaambiwa. Akaniwekea benchi mwenyewe (alivyonitazama sitasimulia). Nilikaa kuanzia saa mbili asubuhi, shati langu la kawaida, mikono magotini. Kwenye tamthilia nilizoea kumwangalia daktari, anavyonawa, anavyovaa glovu, ndugu waliokaa kwenye benchi sikuwahi hata kuwatazama nyuso. Ikafika saa nne, saa tano, nikawa nimesahau majina yote ya magonjwa ninayoyajua. Saa sita na kitu yule bingwa akaja mwenyewe mpaka getini, kofia ya kijani bado iko kichwani. Nilikuwa nimeandaa maswali ya kitaalamu tangu asubuhi. Nikasimama, nikasema, "Mzima?"

"Mzima. Uvimbe tumeutoa wote." Akanishika bega. "Ameamka sasa hivi, na neno la kwanza ameuliza kama bado uko getini."

Basi, jamani, tamthilia naiangalia kama kawaida, na nawasifu wale watu zaidi ya zamani, kwa sababu nimeona kazi yenyewe ilivyo. Ila koti halivuki mlango wa bucha, na mkiniita Dokta siitiki. Siku ile bingwa alinisubiri nimjibu nini amwambie mama, nikamwambia amwambie nipo, nikarudi kwenye benchi langu nikakaa.