Bibi Hayumo Kwenye Sensa

Jamani, leo nusura nimtoe bibi yangu kwenye ukoo!

Nimepata nakala ya sensa ya zamani ya Ujiji, nikaipeleka Gungu anakoishi bibi, nimsomee.

Baba yake yumo. Mama yake yumo. Kaka zake wote wamo.

Yeye hayumo.

Nyie mngesemaje hapo?

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. “Nilikuwa mchanga. Makarani walipokuja, mama alinifunika kwa nyavu za dagaa. Alishazika wachanga wawili, akaogopa mtoto mchanga akihesabiwa atakufa.”

Nikachukua kalamu, nikamwandika pale chini ya kaka zake. Akafurahi huyo!

Nikajisahau, nikamuuliza, “Na sisi wajukuu tupo wangapi, bibi?”

Akanikazia macho.

“Mpo tu, mjukuu wangu. Mpo.”