Kidole Kwenye Udongo wa Mwerezi

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipogundua kwamba nimeua mti kwa kuupenda.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, kibarua katika bustani iliyo mlimani juu ya mji mdogo wa Tawa, inayotunza miti inayoelekea kwisha duniani. Tulikuwa na miche miwili ya mwerezi wa mlima Mulanje, kule Malawi, ambako wapasuaji mbao walikuwa karibu kuimaliza. Mti huo ukiachwa huishi mamia ya miaka. Yetu haikufika magotini, na mbegu nyingine hatukuwa nazo.

Sasa unatujua sisi Wakamba na maji. Mgeni tunampa maji kabla ya kumuuliza jina. Basi kila jioni, Mzee Nzioka mtunza bustani akishaondoka, nilimwagilia ule mche mdogo zaidi, niliouhurumia, kwa maji niliyopunguza kwenye mtungi wa mama. Majani yakageuka manjano. Nikadhani ni kiu, nikaongeza. Mzee alilaumu mchwa, nami nikaitikia. Kikulacho ki nguoni mwako, na mchwa mwenyewe nilikuwa mimi.

Asubuhi hiyo aliung'oa mche. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka uozo. Nikalia, nikakiri yote, nikangoja kufukuzwa. Akaniwekea mche ule mkononi, akasema taratibu, "Mwiitu, binti yangu, hii mti haikuwa na kiu. Kiu ilikuwa yako."

Kisha akanikabidhi ule uliobaki. Akaniagiza kila asubuhi nitie kidole udongoni. Nikikuta unyevu, nirudishe maji nyumbani. Mama alifurahi kuliko mti.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hata kijana wangu mwingine alipofungua duka mjini Salama, nilitaka kumpigia simu asubuhi na jioni, nimwelekeze hata pa kupanga sabuni. Nikakumbuka kidole. Siku hizi namuuliza kwanza anahitaji nini, na mara nyingi ananijibu kwamba yuko sawa. Naridhika, ingawa si rahisi.

Mwerezi ule sasa ni mrefu kuliko paa la kanisa letu. Juzi nilipanda kuuona, nikatia kidole udongoni kwa mazoea tu, maana haunihitaji tena. Nilifurahi mno.

Kwa hiyo, mwanangu, unapompenda mtu, usikimbilie kumpa kile ulichokosa wewe. Muulize amepungukiwa nini, na akisema ameshiba, mwamini. Mungu akujalie maji ya kutosha, na kidole cha kuuliza kabla hujamwaga.