Dawa Isiyowasha Haijaingia

Enzi zetu kule Mbooni, mafua hayakupelekwa hospitali. Yalipelekwa kwa Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama yetu hadi leo. Asubuhi za baridi, ukungu umekalia vilima, sisi tuko mteremkoni tunateleza juu ya magome ya migomba mpaka makalio yanachubuka. Mmoja akikohoa tu, sauti inatoka jikoni: "Wewe! Kuja hapa, vua shati!" Basi, mchezo umekwisha.

Alikuwa na kamkebe ka dawa ya kuchua ambako baba alimnunulia kule Kambu, barabarani malori yanakosimama. Alikuchua kifua, akakugeuza mgongo, vidole vyake vigumu kwa sababu ya jembe. Kisha akachukua kitambaa alichokipasha moto kando ya mafiga, akakikandamiza papo hapo, "ngozi ifungue mlango." Ukilia kwamba inawasha, alicheka. "Vizuri! Dawa isiyowasha haijaingia." Machozi yanatoka, pua inazibuka, na ghafla unasikia harufu ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, uliokuwa motoni tangu alfajiri. Woi, nani alikumbuka ugonjwa tena? Watoto wangu siku hizi wakipiga chafya wanauliza simu kwanza, halafu wanataka dawa yenye ladha ya stroberi.

Mwaka huu aliyeugua ni Mwaitu mwenyewe. Ni kansa, imefika kwa mifupa, na maumivu yalimnyima hata kukaa. Vidonge alikuwa anavitapika. Hospitalini wakampa plasta yenye dawa kali ya maumivu, ya kubandikwa kifuani. Sista alitueleza kwamba ngozi itainywa polepole, mchana na usiku, mpaka ifike kwa damu. Akasema pia tusiipashe joto, lakini Mwaitu alikuwa ameshaanza kuidharau. "Hii karatasi? Haina harufu, haiwashi. Mmedanganywa."

Siku iliyofuata nilienda dukani. Niliporudi nilimkuta shangazi Mumbua, dada yake baba, ameketi kitandani na beseni la maji moto. Mwaitu alikuwa amemwomba amkande, na shangazi, kwa upendo wake wote, alikuwa anakandamiza kitambaa cha moto juu ya ile plasta. "Amepata usingizi," akaniambia kwa furaha. Nikamwita Mwaitu. Kimya. Pumzi yake ilikuwa inakuja, inakawia, inakuja tena. Niliogopa kama sijawahi kuogopa maishani.

Nikampigia sista. Bandua plasta, akasema, osha hapo kwa maji baridi, mlete haraka. Jirani akatoa gari. Hospitalini walimdunga sindano ya kukata makali ya dawa, na jioni Mwaitu akafungua macho.

Sista hakutugombeza. Alisema plasta imetengenezwa itoe dawa kidogo kidogo, lakini joto likiwekwa juu yake, ngozi inafunguka na dawa inamwagika ndani kwa mkupuo. Shangazi alilia sana. Sikuweza kumlaumu. Hata mimi, kama ningekuwa na lile beseni, sijui ningefanya nini, maana wote tulifundishwa na mikono ile ile.

"Kumbe iliingia," Mwaitu alinong'ona. "Na mbona haikuwasha?" Nilicheka huku nikilia.

Sasa ana plasta nyingine, na hakuna anayeigusa. Maumivu yamepungua, anakula uji, anatania wageni wa kanisani. Nashukuru, kwa kweli. Lakini zamani dawa ilikuja na mtu. Hukujua kilichokuponya ni kamkebe au ni mama aliyeacha kazi zake zote akakuinamia. Ya siku hizi inaingia yenyewe, bila kumsumbua mtu, na mgonjwa anaweza kubaki peke yake chumbani na akawa anatibiwa vizuri kabisa.

Ndiyo maana kila jioni nakaa mwisho wa kitanda, mbali na plasta, nikimchua nyayo kwa mafuta ya kawaida tu, yale ya kupaka watoto wakienda shule. Hayana dawa yoyote, na yeye anajua. Anafumba macho, ananyoosha vidole.

"Ii, ndiyo," ananiambia. "Hii naisikia ikiingia."