Kijiti Kando ya Mtoto wa Swala

Mwaka ule nusu ya wanaume wa kwetu Ringwani walikuwa Kerende wakitafuta dhahabu, na waliorudi walirudi na mazoea ya huko. Ukiinama shambani kwako mara mbili mahali pale pale, jirani alisimamisha kazi yake akutazame. Mimi pia niliwatazama wao hivyo hivyo.

Asubuhi moja, nikipalilia mtama kando ya majani marefu, nilimwona mtoto wa swala amelala, shingo ameilaza chini, hasogei. Sikumgusa. Nilikuwa nimesoma, na baadaye nimeona mwenyewe, kwamba swala humficha mtoto wake, akaenda malishoni, kisha akarudi kumnyonyesha. Nilimchunguza kwa mbali: hakuwa na damu, nzi hawakumzonga, miguu ilikuwa mizima. Niliamua kumwacha hadi jua lizame. Mama asiporudi, ningekwenda kwa askari wa wanyamapori. Kumpeleka nyumbani kungeweza kumwua yeye na kunifunga mimi.

Ili nisije nikamkanyaga, nilichomeka kijiti hatua chache kutoka pale, nikakifunga kitambaa chekundu. Hapo ndipo nilipokosea. Kwa waliotoka machimboni, kijiti cha namna hiyo kilimaanisha mtu ametenga mahali pa kuchimba.

Saa nane jirani yangu alifika na sululu begani, mkewe nyuma yake.

"Mura, tangu asubuhi unaangalia majani. Yanaota nini?"

"Napumzika."

"Anapumzika na jembe mkononi!" mkewe akacheka. "Tena akipumzika anaweka alama."

Nilisita. Nikisema hakuna dhahabu, wasingeamini. Nikisema kuna swala, niliogopa sufuria yao. Lakini sululu ilikuwa karibu kuliko sufuria, nikasema kweli.

"Swala!" alisema jirani. "Kule machimboni walitutisha kwa nyoka, wakatutisha kwa mzimu. Swala ndiyo kwanza nasikia."

Niliwasogeza taratibu mpaka wakayaona masikio.

"Maskini, yatima," alisema mkewe. "Tumchukue, nina ng'ombe amezaa juzi."

"Si yatima. Mama yake haji kwa sababu tumesimama hapa."

"Na sisi tukiondoka," jirani akauliza, "wewe unabaki na nini?"

"Tuondoke wote. Tukae kwenye kichuguu kile, kila mtu amwone mwenzake."

Sharti hilo alilielewa. Tulikaa juani, upepo ukitupiga usoni, na hakuna aliyekwenda hata kujisaidia bila kufuatwa kwa macho. Yeye alikitazama kijiti. Mimi niliitazama sululu.

Jua lilipokuwa chini, swala jike alijitokeza. Alisimama, akanusa, akarudi nyuma, akaja tena. Mtoto aliinuka kwa miguu inayotetemeka, akanyonya huku mkia ukichezacheza. Kisha wakaingia vichakani pamoja.

"Kumbe ni swala kweli," alisema mkewe.

Jirani alikuwa akipatazama pale mtoto alipokuwa amelala.

Asubuhi nilikuta shimo la kina cha goti, pale pale mtoto alipokuwa amelala. Nilizunguka nikitafuta alama mpya za kwato, nisizione. Hakuwa amerudishwa hapo. Nikaenda moja kwa moja kwa jirani. Alikuwa mlangoni, kucha zimejaa udongo. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Sasa niambie ukweli, ile dhahabu uliihamishia wapi?"