Binti yumo kwenye bango, baba anamzuia mlangoni

Saa nane mchana, jua bado kali, mlinda mlango wa ukumbi wa sinema amepanda juu ya kiti kinachocheza miguu, kopo la gundi mkono mmoja, brashi mkono wa pili. Anabandika upya stika nyekundu yenye namba 18, iliyobanduka kwa jua, kwenye bango la filamu mpya.

Amri ya bodi ya filamu ni kwamba stika ikae juu, kona ya kulia, mpita njia aione. Shida ni kwamba kwenye bango hili, kona hiyo imejaa uso wa msichana. Stika inatua shavuni. Mzee anaisogeza, inafunika jicho. Anairudisha shavuni, anaipapasa kwa kiganja taratibu, kama anayempangusa mtoto machozi, kisha anashuka.

Msichana yule ni binti yake wa kuzaa.

"Ana miaka kumi na saba," anasema, akijifuta gundi kwenye suruali. "Kuicheza filamu wamemruhusu. Kuiangalia hapana. Na wa kumzuia ndiye mimi hapa."

Vijana wa mtaa wanamwita Mzee Kitambulisho. Wameshindwa kumpita kwa muda mrefu, na jina hilo ndiyo hasira yao. Asiye na kitambulisho anaulizwa mwaka aliozaliwa, na kabla hajapumua anaulizwa dada yake au kaka yake anamzidi miaka mingapi. Mkweli hujibu palepale. Mwongo huanza kuhesabu kwa vidole.

Kuna mmoja alikuja amejichora masharubu kwa wanja. Foleni ilikuwa ndefu na joto jingi. Mzee alimtazama, akamwambia kwa upole, "Mjomba, masharubu yako yanatiririka. Nenda kayaanike kwanza." Foleni nzima ilicheka, na kijana naye akacheka, akarudi kwao.

Wengi huona stika tu, hawajui inatoka wapi. Filamu yoyote, kabla haijaonyeshwa, hupelekwa bodini. Mwenye filamu hulipa ada, na ada hiyo peke yake inazidi mshahara wa miezi miwili wa mlinda mlango. Halafu wanakaa watu kwenye viti vya sponji: mmoja wa polisi, mmoja wa dini, mmoja wa elimu, mmoja wa afya. Wakishatazama, wanatoa daraja. Ya watu wote, ya mtoto akiwa na mzazi, ya kuanzia kumi na sita, ya kumi na nane, au inafungiwa kabisa isionekane popote.

Pasipowapendeza wanasema kata hapa, tutakushushia daraja. Ukikataa kukata, unabaki na namba yako.

Baada ya hapo wao wamemaliza. Aliyepanga namba amekaa, wa kuitekeleza amesimama. Mkaguzi wa bodi huja kimyakimya, amekata tiketi kama mimi na wewe, na akikuta mtoto ndani ukumbi unafungwa. Wa kwanza kufukuzwa kazi si mwenye ukumbi.

Filamu ya binti haina mtu aliyevua nguo wala tusi. Haina hata bastola. Ina korido ya hospitali.

Miaka saba iliyopita mke wa mlinda mlango alibanwa na pumu, akakimbizwa hospitali akiwa anajikaza kuvuta pumzi. Mitungi ya hewa ilikuwapo. Ilikuwa kwenye stoo mwisho wa korido, na ukichungulia dirishani uliiona imesimama imejaa. Mlango ulikuwa na kufuli. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda semina ya kuboresha huduma kwa wagonjwa, na ufunguo alikwenda nao mfukoni.

Mzee alikimbia kutafuta nyundo. Alipoipata, akalivunja kufuli, akaburuta mtungi mpaka kwenye machela, mkewe alikuwa ameshanyamaza. Binti yao, akiwa na miaka kumi, alikuwa amemshika mama yake mguu.

Hakuna aliyewajibishwa. Waliunda kamati. Kamati ikanywa chai, ikasema upungufu umeonekana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wakubwa wetu vitanda hivi hawajawahi kuvilalia. Wakiugua wao hupanda ndege.

Aliyekuja kuitaka habari hiyo ni kijana mwongozaji wa filamu, jirani wa zamani, aliyemsikia binti akiisimulia kwenye jukwaa la shule. Alimwendea mzee kwa heshima, akaomba ruhusa. Sheria inataka mzazi awepo mtoto anapopigwa picha, kwa hiyo mzee alishinda nao kila siku, akiwabebea hata nyaya. Siku ya kupiga picha za korido tu ndiyo alitoka nje. Anasema alikwenda kuangalia jenereta, ingawa jenereta haikuwa na tatizo lolote.

Binti naye amewahi kuona vipandevipande kwenye kompyuta ndogo, bila muziki, mwisho ukitangulia mwanzo. Filamu nzima, ukumbini, penye watu, hajaiona.

Bodi ilisema sehemu ya korido inawatia watoto hofu na kuwaondolea wananchi imani na huduma za afya. Ikaweka masharti: korido ikatwe, filamu iwe ya watu wote. Shule zitaruhusiwa kuleta wanafunzi, na binti ataingia.

Afisa wa bodi aliyezungumza na gazeti hili hakutaka atajwe. Alisema kazi yao ni kulinda watoto, na mtoto hapaswi kuona mtu akifa namna ile. Tulimpelekea mzee maneno hayo. Alichezea kifuniko cha gundi.

"Siku ile koridoni," alisema, "hakuna aliyemwuliza mwanangu umri."

Mwongozaji alisema hawezi kuamua peke yake, mwenye marehemu ni familia. Mwenye ukumbi alitaka ikatwe, na ana sababu zake. Bila wanafunzi viti havijai, na kuna wafanyabiashara wanaoutaka ukumbi wawe wanahifadhia saruji. Alimwita mzee ofisini akamwambia ni dakika chache tu, na kwamba mke alishazikwa, filamu haimrudishi.

Mzee hafichi kwamba moyo wake uliyumba. Alitaka mtoto akae kwenye kiti, ajione, apigiwe makofi gizani kama wasanii wengine. Jioni alimkuta binti akipiga pasi sare ya shule, akamweleza yote, pamoja na kwamba yeye baba anaona wakubali yaishe.

Binti hakuinua kichwa. Alimaliza ukosi, akaiweka pasi pembeni.

"Baba, mama walishamfungia mlango mara moja. Leo tukamfungie na sisi?"

Asubuhi mzee alimwambia mwongozaji isikatwe hata nukta.

Ndivyo 18 ilivyobaki, na ndivyo ilivyofika siku ya uzinduzi. Mkaguzi alikuwa ndani, safu ya pili, miwani ya jua usoni ndani ya jumba lisilo na jua. Mwenye ukumbi alimpandisha binti jukwaani, na watu wakasimama kumpigia makofi. Halafu taa zikapungua, na Mzee Kitambulisho akaanza kuishuka njia ya katikati ya viti.

Watu walipoelewa anakwenda kufanya nini, walianza kumzomea. Mmoja aliuliza kama mzee amesahau nani amemzaa huyu. Mama mmoja mtu mzima alimsihi amwache, wao watamficha katikati yao. Kijana wa masharubu ya wanja, ambaye sasa ana kitambulisho, alisema afadhali atoke yeye, binti akae kwenye kiti chake.

Mzee alimshika binti mkono, wakapanda pamoja hadi mlangoni. Mkaguzi aliwatazama mpaka walipotoka, akaandika kitu.

Wakakaa kwenye benchi, migongo kwenye ukuta. Mlango ni wa mbao, sauti zilipita. Walisikia muziki, wakasikia vicheko vya mwanzo, maana filamu inaanza kwa kuchekesha. Kisha wakasikia sauti ya binti mwenyewe ndani ikiita mama. Ukumbi ukanyamaza. Mtu mmoja akaanza kulia, halafu wengi.

Binti aliuliza kwa sauti ndogo, "Baba, wanalia wapi? Kwenye machela au kwenye kufuli?"

Mzee hakujua. Alikuwa hajawahi kuitazama. Aliinuka, akafungua mlango upana wa kiganja, akachungulia, akasimama pale muda mrefu kuliko alivyokusudia. Akaufunga.

"Kwenye kufuli," alimwambia.

Akarudi kwenye benchi. Binti alimwegemea begani mpaka watu walipoanza kutoka.

Rufaa imekatwa. Mwongozaji amekwenda kuiulizia mara kadhaa, na mara ya mwisho alijibiwa kwamba kikao hakijakaa kwa sababu wajumbe wako semina. Mzee aliposikia hivyo alicheka mpaka akakohoa, na wenzake wa ukumbini wakashindwa kujua wacheke naye au wampe maji.

Filamu inaondolewa ukumbini Jumapili. Watazamaji ni wachache, viti vingi vimebaki vitupu, na mtu wa saruji ameshakuja kupima sakafu kwa futi. Mwenye ukumbi ameahidi kwamba kama jengo litakuwa bado ukumbi, atairudisha filamu siku moja, siku binti atakapotimiza miaka kumi na nane. Imebaki miezi minane. Ahadi za wenye majengo zinajulikana, lakini mzee ameikumbatia hiyohiyo.

Tukiwa bado mlangoni, binti anapita akitoka shule, mkoba mgongoni. Anamwamkia baba yake, anasimama mbele ya bango, anaitazama stika kwenye shavu lake.

"Umeniharibia uso, baba," anamtania.

"Nenda nyumbani, mama, ugali usikungoje," anajibu mzee, naye anatabasamu, kidogo tu.

Akishapotea kwenye kona, tunamwuliza siku hiyo ya miezi minane ikifika atafanya nini. Anasema ameshapanga. Binti atapanga foleni kama watu wengine, na yeye hatamwonea aibu.

"Nitamwomba kitambulisho. Nitakisoma chote, nisimpendelee. Halafu mlango nitaufunga mimi mwenyewe, nikiwa upande wa ndani."